Mradi ukiisha, mshahara unatoka wapi? Namna mashirika yasiyo ya faida yanavyopaswa kupanga ajira zake

Tangu mapema mwaka 2025 kuna swali linalosikika sana Arusha na Moshi, kwenye vikao vya familia, kwenye daladala za Kijenge na Sakina, na katika makundi ya WhatsApp ya watu waliowahi kufanya kazi ofisi moja: inawezekanaje shirika lililotangaza ruzuku ya mamilioni, pengine mabilioni, likashindwa kulipa mshahara wa mwezi mmoja tu baada ya mfadhili kusimama? Jibu jepesi, ambalo kila kijiwe kinalo, ni kwamba fedha zimeliwa. Wizi upo, na ukithibitika dawa yake ni mahakama. Hata hivyo maelezo hayo hayatoshi kueleza kwa nini mashirika yenye hesabu safi, yaliyokaguliwa kila mwaka bila dosari, nayo yaliwaaga wafanyakazi wake ndani ya wiki chache. Kuna jambo katika namna ajira hizi zinavyojengwa ambalo umma haujaelezwa vizuri, na ambalo wakati mwingine wafanyakazi wenyewe hulielewa siku ya kukabidhi funguo za gari.

Chimbuko la swali linajulikana. Tarehe 20 Januari 2025 rais wa Marekani alisaini amri ya kusitisha misaada ya maendeleo ya nje kwa siku 90, na kabla ya mwezi huo kuisha barua za kusimamisha kazi zilikuwa zimewafikia watekelezaji wa miradi duniani kote. Tarehe 10 Machi serikali hiyo ilitangaza kuwa imefuta asilimia 83 ya programu za USAID, shirika lake la misaada ya maendeleo, na tarehe 1 Julai shughuli za USAID zikafikia kikomo. Katikati ya hayo, mwezi Februari, Uingereza nayo ilitangaza kwamba itapunguza misaada yake kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi asilimia 0.3 ifikapo mwaka 2027. Mikoa ya Arusha na Kilimanjaro, ambayo kwa miaka mingi imekuwa makao ya mashirika ya kila ukubwa, isingeweza kukwepa mshtuko huo.

Kabla ya kwenda mbali, tuweke maneno sawa. Sekta isiyo ya faida ni pana kuliko kile tunachokiita NGO. Ndani yake wamo mashirika yasiyo ya kiserikali yaliyosajiliwa chini ya Sheria Namba 24 ya mwaka 2002, taasisi za dini zinazoendesha hospitali na shule, vyama vya kitaaluma, na vikundi vya kijamii vyenye mwenyekiti, katibu na mhuri. Wafanyakazi wa kulipwa katika sekta hiyo ni wale wenye mkataba wa ajira na mshahara, tofauti na wanaojitolea, hata pale mtu anayejitolea anapopewa nauli na posho. Mpango wa nguvukazi ni waraka unaoeleza ni kazi zipi shirika litahitaji zifanyike katika miaka mitatu au mitano ijayo, zitahitaji watu wenye ujuzi gani, watu hao watatoka wapi, na mishahara yao italipwa na nani. Orodha ya waliopo kazini leo haitoshi kuitwa mpango. Chati ya muundo iliyobandikwa ukutani kwa mkurugenzi haitoshi pia, ingawa ndiyo huonyeshwa mgeni anapouliza.

Neno linalochanganya zaidi ya yote ni hilo la "lisilo la faida". Wapo wanaoamini kwamba shirika la aina hiyo halitakiwi kubakiwa na hata shilingi mwisho wa mwaka, na wapo wanaoamini kwamba watumishi wake wanapaswa kufanya kazi kwa moyo, mshahara ukiwa ni kama fadhila. Sheria haisemi hivyo. Kinachokatazwa ni kugawana faida: waanzilishi na wajumbe wa bodi hawawezi kukaa Desemba wakagawana ziada kama wanahisa wa kampuni. Ziada yenyewe inaruhusiwa, mradi irudi kwenye malengo ya shirika, na mshahara wa halali kwa kazi iliyofanyika hauhesabiwi kuwa mgao wa faida. Nchini Marekani, takwimu za serikali za mwaka 2022 zilionyesha kuwa mashirika yasiyo ya faida yaliajiri watu milioni 12.8, yaani karibu mtu mmoja kati ya kila kumi walioajiriwa katika sekta binafsi, na sehemu kubwa ya hao ni watu wa hospitali na vyuo. Hii ni sekta ya ajira kama sekta nyingine, na ajira isiyopangwa huyumba hata pale nia inapokuwa njema.

Milioni 300 benki, na mhasibu hana mshahara

Sasa turudi kwenye lile swali la vijiweni. Fedha nyingi za wafadhili huja zikiwa na masharti, na kila shilingi imeandikiwa kazi yake kabla haijaingia benki. Tuchukue shirika la kubuni lenye ofisi Njiro, linalotekeleza mradi wa lishe Meru, mradi wa maji Longido, na mradi mdogo wa vijana mjini. Shirika hilo lina mhasibu mmoja mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 1,200,000 kwa mwezi. Hakuna mfadhili aliyekubali kumlipa mhasibu mzima, kwa hiyo mshahara wake umegawanywa: mradi wa lishe unabeba asilimia 40, wa maji asilimia 35 na wa vijana asilimia 25. Kila mwisho wa mwezi yeye mwenyewe hujaza fomu inayoonyesha saa alizotumia kwa kila mradi, na fomu hiyo ndiyo ushahidi wa mkaguzi.

Ukiongeza mchango wa mwajiri kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF, ambao ni asilimia 10, na asilimia 0.5 ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, mhasibu huyu anagharimu shilingi 1,326,000 kwa mwezi. Mradi wa lishe ukisitishwa leo, pengo la shilingi 530,400 linafunguka kila mwezi kuanzia kesho. Wakati huohuo akaunti ya mradi wa maji inaweza kuwa na shilingi milioni 300, kwa sababu mkandarasi wa visima bado hajalipwa. Mkurugenzi akichota hapo kufidia lile pengo, amefanya matumizi yasiyoruhusiwa. Mkaguzi atayaona, mfadhili wa maji atadai arudishiwe, na mradi wa pili unaweza kufa kwa sababu ya wa kwanza. Kwa hiyo shirika lenye milioni 300 benki linaweza kweli, bila wizi wowote, likakosa laki tano ya mhasibu.

Jambo linalosahaulika ni kwamba kazi ya mhasibu huyo haipungui kwa asilimia 40 siku mradi unapofungwa. Huongezeka. Ripoti ya mwisho ya fedha, orodha ya mali za kukabidhi, madeni ya watoa huduma, majibu ya mkaguzi, vyote vinamwangukia yeye katika miezi ambayo hakuna bajeti inayomtambua. Ndiyo maana mashirika mengi hufunga mradi kwa makaratasi yaliyochelewa, kisha mfadhili anayefuata akisoma ripoti hizo hukosa imani. Ni mnyororo ambao mwanzo wake ni fungu dogo la mshahara.

Fungu ambalo lingesaidia lipo, nalo ni lile la gharama za uendeshaji, yaani asilimia inayoongezwa juu ya bajeti ya mradi ili kulipia kodi ya ofisi, umeme, intaneti, uhasibu na uongozi. Kwa miaka mingi serikali ya Marekani iliwaruhusu wapokea ruzuku wasio na kiwango maalumu walichokubaliana nayo kudai asilimia 10, kisha ikapandisha kiwango hicho hadi asilimia 15 kuanzia Oktoba 2024, miezi isiyofika minne kabla ya kusitisha misaada. Wapo wafadhili wanaotoa chini ya hapo, na wapo wanaojivunia kwamba "kila senti inamfikia mlengwa". Kauli hiyo hupendeza kwenye kipeperushi. Mlengwa naye hufikiwa na mtu, na mtu huyo anahitaji msimamizi, gari lenye mafuta, na mishahara inayoandaliwa kwa wakati. Mwandishi huyu angependa kuona bodi nyingi zaidi zikiwa na ujasiri wa kukataa ruzuku ambayo haitaki kulipia gharama hizo, ijapokuwa anafahamu kuwa njaa haina subira.

Kupanga kunakoanza na kazi

Mpango mzuri wa nguvukazi huanza na kazi, majina ya watu hufuata baadaye. Bodi hujiuliza: miradi yote ikisimama kesho, ni shughuli zipi ambazo zikikoma shirika halipo tena? Kwa kawaida jibu ni fupi: uongozi, uhasibu, utunzaji wa kumbukumbu na takwimu, utafutaji wa rasilimali, na ule utaalamu mmoja ambao shirika linajulikana nao, kama ni haki za ardhi, malezi ya watoto au afya ya uzazi. Hizo ndizo kazi za msingi. Zinazobaki, kama afisa wa mradi, dereva wa ziada na wakusanya takwimu wa tathmini ya mwanzo na ya mwisho, ni kazi za mradi, na hakuna aibu kuziajiri kwa muda maalumu mradi mwenye kuajiriwa ameelezwa hivyo mapema. Kasoro huingia pale mtu anayefanya kazi ya msingi anapolipwa kama mtu wa mradi mwaka baada ya mwaka, na hakuna anayeligusa suala hilo kwa kuwa andiko la mradi unaofuata kila mara "liko njiani".

Hatua inayofuata inahusu urithishaji wa nafasi, na hapa mkulima wa kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo, cha Kibosho au Marangu anaweza kuifundisha bodi. Kwenye shina moja la migomba huacha mgomba unaozaa, mwingine unaokua nyuma yake, na chipukizi moja dogo, halafu machipukizi mengine huyang'oa. Anajua kwamba mgomba ukishatoa mkungu hautazaa tena, na kwamba machipukizi yakiachwa yote yatanyang'anyana rutuba hadi mikungu itoke midogo. Shirika likiitazama nafasi ya meneja wa fedha au mratibu wa miradi kwa jicho hilo, litajiuliza ni nani yuko nyuma ya aliyepo, na ni nani mdogo anayeanza kujifunza. Pia litaacha tabia ya kupokea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo kumi kwa mpigo bila kujua hata mmoja wao anaandaliwa kwa nafasi ipi.

Nafasi ngumu zaidi kurithisha ni ya mwanzilishi. Mashirika mengi ya mikoa hii yalianzishwa na mtu mmoja mwenye wito, ambaye miaka 20 baadaye bado ndiye anayewafahamu wafadhili kwa majina, ndiye msaini mkuu wa benki, na wakati mwingine ndiye pekee mwenye nywila ya barua pepe ya ofisi. Siku akiugua, shirika zima linaugua naye. Mpango wa nguvukazi ulioandikwa kwa uaminifu utaweka jambo hilo wazi, na pengine ndiyo sababu haupendwi.

Inafaa pia kuangalia kazi zitakazohitajika kesho, ambazo si lazima ziwe zilezile za leo. Kilimanjaro ni kati ya mikoa yenye uwiano mkubwa wa wazee nchini, kwa hiyo shirika la Moshi linaloendelea kuajiri watu wa elimu ya awali pekee huenda baada ya miaka kumi likajikuta limezungukwa na mahitaji ya uangalizi wa wazee ambayo halina mtu wa kuyashughulikia. Utafutaji wa fedha nao umebadilika. Kuandika andiko kwa mfadhili wa Ulaya ni ujuzi tofauti na kuomba kampuni ya utalii ya hapa Arusha ichangie, au kuwaendea wenyeji wanaoishi Dar es Salaam na nje ya nchi. Mikoa hii ina vyuo vya kutosha kulea watu hao: Taasisi ya Maendeleo ya Jamii Tengeru, Chuo cha Uhasibu Arusha, Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Shirika lenye mpango huongea na vyuo kabla ya nafasi kuwa wazi. Lisilo na mpango hubandika tangazo lenye siku saba za kutuma maombi na kudai uzoefu wa miaka mitano.

Ushindani wa kupata watu nao ni mkali, na mara nyingi adui hatajwi. Serikali inapotangaza nafasi za watumishi wa afya au maendeleo ya jamii, wafanyakazi wa mashirika huomba kwa wingi, hata pale mshahara ni mdogo kuliko wanaoupata, kwa sababu kule kuna ajira ya kudumu na pensheni. Upande wa juu, Arusha kuna Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, taasisi ambazo asasi ya wilaya haiwezi kushindana nazo kwa malipo. Mpango unaodhani kila aliyeajiriwa atakaa ni ndoto tu. Ulio makini huchukulia kwamba baadhi wataondoka na kuhakikisha kuwa wanaacha kumbukumbu.

Mwajiri aliyejua tarehe yake ya kufunga

Arusha iliwahi kushuhudia zoezi hili kwa ukubwa ambao haujarudiwa. Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai ya Rwanda, iliyoundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa Novemba 1994 na kupewa makao Arusha mwaka uliofuata, haikuwa shirika lisilo la kiserikali, lakini ilifanana na mradi kwa jambo moja: ilikuwa na mwisho. Mwaka 2003 Baraza la Usalama liliitaka ipange kumaliza kazi zake zote mwaka 2010. Tarehe hiyo ilisogea, chombo cha kurithi shughuli zilizobaki kikaundwa na kuanza kazi Arusha tarehe 1 Julai 2012, na mahakama yenyewe ikafungwa tarehe 31 Desemba 2015.

Mtu angetarajia kwamba ugumu wa kufunga taasisi kubwa hivyo ungekuwa kuwaondoa watu. Ugumu uliojitokeza ulikuwa kinyume chake. Kila tarehe ya mwisho ilipokaribia, wafanyakazi wenye ujuzi, wanasheria na wakalimani kwa mfano, walitafuta kazi kwingine na kuondoka mapema, kesi zikiwa bado zinaendelea, na viongozi wa mahakama walilazimika kulieleza Baraza la Usalama mara kwa mara kwamba kupoteza watu kunachelewesha hukumu na kwamba panahitajika motisha ya kuwabakiza. Hilo ndilo somo ambalo shirika dogo la Moshi linaweza kulichukua bila gharama. Mfanyakazi asiyejua hatima yake huanza kutafuta kazi miezi sita kabla ya mradi kuisha, na wa kwanza kuondoka ni yule mwenye soko. Shirika linaloweka fungu dogo la marupurupu kwa atakayebaki hadi siku ya mwisho, na linalosema ukweli kuhusu siku hiyo, hufunga mradi likiwa na watu wanaoujua.

Sheria inasema nini, na watu wanadhani inasema nini

Imani iliyoenea kati ya waajiri ni kwamba mkataba wa mwaka mmoja unaorudiwarudiwa unawaweka salama: mradi ukiisha, mkataba nao umeisha, kila mtu aende kwake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haiko rahisi hivyo. Kushindwa kuhuisha mkataba wa muda maalumu kunaweza kuhesabiwa kuwa kuachishwa kazi ikiwa mfanyakazi alikuwa na matarajio ya haki kwamba utahuishwa, na historia ya kuhuishwa huko nyuma ni moja ya vitu vinavyoangaliwa. Mkurugenzi aliyehuisha mkataba mara nne na kusema kikaoni "msiwe na wasiwasi, mradi mwingine unakuja" ameshajenga matarajio hayo kwa mdomo wake mwenyewe.

Pale shirika linapolazimika kupunguza wafanyakazi mikataba ikiwa bado hai, sheria inalitaka litoe taarifa ya kusudio hilo, lieleze sababu, na lishauriane na wahusika au chama chao kuhusu namna ya kuepuka au kupunguza athari na vigezo vya kuchagua nani aondoke. Kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi haipungui siku 28. Aliyefanya kazi mfululizo kwa angalau miezi 12 anastahili kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka kamili, hadi miaka 10. Yule mhasibu wetu wa Njiro, kama ametumikia miaka sita, atastahili kiasi cha shilingi milioni mbili hivi, kutegemea siku za kazi zinavyohesabiwa, ukiacha notisi na likizo ambazo hakuchukua. Mfadhili aliyesitisha mradi kwa barua ya ghafla anaweza kukataa kulipa fedha hizo, lakini mwajiri kisheria anabaki kuwa shirika. Mfanyakazi anayeona ameachishwa isivyo halali ana siku 30 za kupeleka shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na muda huo huisha haraka kuliko watu wanavyofikiri, hasa wanaosubiri "kikao cha bodi kitakachoamua".

Kwa hiyo akiba ya shirika ina kazi mbili. Ya kwanza ni kuendesha kazi za msingi pale fedha zinapokatika. Kipimo kinachotumika sana ni gharama za miezi mitatu hadi sita. Ya pili, inayosahaulika kwenye bajeti nyingi, ni madeni ya ajira: notisi, likizo na viinua mgongo vya kila aliyepo. Deni hilo linaweza kuhesabiwa alasiri moja kwa kutumia kikokotoo cha simu na faili za wafanyakazi, na huongezeka kila mwaka ambao mtu anabaki kazini. Linapaswa kuwekwa mezani mbele ya bodi kila bajeti inapojadiliwa.

Upande wa wanaojitolea kuna utata wa aina yake. Kwa miaka mingi miradi ya afya imewategemea wahudumu wa ngazi ya jamii waliolipwa posho ndogo, kila mradi na kiwango chake, hadi mhudumu mmoja akawa anatumikia miradi mitatu yenye fulana tatu tofauti. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kitaifa wa wahudumu hao, wenye lengo la kuwa na wahudumu 137,294 katika miaka mitano. Kwa shirika linalopanga nguvukazi yake, maana yake ni kwamba haliwezi tena kumhesabu mhudumu wa kijiji kama mtu wake; inabidi likubaliane na halmashauri nani anamsimamia, nani anamlipa, na nini kitafanyika mradi ukiondoka. Na mtu anayeripoti kila asubuhi, kwa saa zilizopangwa, chini ya msimamizi, kwa malipo ya kila mwezi, hawezi kubaki "wa kujitolea" kwa sababu tu fomu yake imeandikwa hivyo.

Je, mshahara unaweza kutoka kwingine? Unaweza, na mfano uko Moshi. KCMC, hospitali ya kanda iliyofunguliwa mwaka 1971 na inayomilikiwa na Good Samaritan Foundation, ina watumishi ambao mishahara yao hulipwa na serikali, kwa kuwa huduma inayotolewa pale ni huduma ya umma ambayo serikali ingelazimika kuitoa kwa njia nyingine. Utaratibu huo hauwezi kunakiliwa na kila asasi, maana serikali haitamlipa mshahara afisa utetezi wa asasi inayoikosoa, wala asasi hiyo isingependa alipwe hivyo. Ila kwa wanaotoa afya, elimu na huduma kwa watu wenye ulemavu, mazungumzo na halmashauri yana maana kuliko andiko la kumi kwa mfadhili yuleyule.

Miradi ya kujipatia kipato, kama hosteli, ukumbi wa mikutano au shamba la parachichi, husifiwa kuliko inavyostahili. Hosteli inahitaji meneja anayejua hosteli, kodi zake zinalipwa, na miaka ya mwanzo hula kuliko inavyozalisha. Afisa jinsia aliyepewa hosteli aisimamie "kwa kuwa mradi wake umeisha" hawezi kulaumiwa ikidorora. Kama chanzo hicho kitawekwa kwenye mpango, mtu wake naye lazima awekwe, pamoja na mshahara wake wa kipindi ambacho mradi bado haujaanza kujilipa wenyewe.

Mfanyakazi naye ana sehemu yake, hasa kijana wa Tengeru au Majengo anayepewa mkataba wake wa kwanza na kuona kiwango cha mshahara tu. Ahakikishe michango yake ya NSSF inafika, kwa kuangalia taarifa zake mwenyewe badala ya kutegemea hati ya malipo ya mwezi, maana mwanachama aliyechangia angalau miezi 18 akapoteza kazi bila kuacha mwenyewe anaweza kuomba fao la kukosa ajira, ambalo ni theluthi moja ya mshahara kwa miezi 6, na michango isiyowasilishwa hugundulika siku hiyo. Mkataba ukisema ajira itadumu "kadiri fedha za mradi zitakavyopatikana", aulize nafasi yake inalipiwa na miradi mingapi, kwa asilimia ngapi kila mmoja, kila mmoja unaisha lini, na kiinua mgongo kitalipwa kutoka fungu lipi. Ayaulize hayo kabla ya kusaini.